Nadhiri ya usiku wa dhoruba: nikope ili nimlipe Mungu?

Swali: "Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, naanika na kuuza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Oktoba 2023 mume wangu alikuwa ziwani usiku, upepo mkali ukavuma. Tulikesha ufukweni wanawake wengi na tochi zetu. Nilipiga magoti mchangani nikasema: Bwana, ukinirudishia baba watoto, nitatoa shilingi milioni mbili za mabati ya kanisa letu. Alfajiri akarudi. Mwenzangu wa chanja ya jirani, yaani kichanja cha kuanikia dagaa, mumewe hakurudi hadi leo. Asubuhi ile ile nilimweleza mume wangu nadhiri yangu, akanyamaza. Nikaanza kulipa, nimefikisha laki tatu na nusu. Mwaka 2024 serikali ikalifunga ziwa samaki wazaliane, mtaji tukaula. Sasa mtoto wa kwanza amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, na wa mwisho ana homa zinazokwenda na kurudi. Mzee mmoja wa kanisa amesema kwenye maombi, mbele za watu, kwamba nadhiri isiyolipwa hula nyumba. Mume wangu naye anasema hakumtuma mtu kuahidi. Nimefikiria kukopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nimalize deni hili mtoto apone. Je, ni sawa? Na Mungu anatuadhibu?"

Jibu:

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linaishia kwenye maneno yale mawili: "mtoto apone". Kwa hiyo naanza na mtoto. Nadhiri itafuata.

Mpeleke zahanati kesho asubuhi, kabla hujashuka mwaloni. Mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, ina malaria nyingi, na homa ya kwenda na kurudi ni lazima ipimwe, haikisiwi. Kipimo kikionyesha hana malaria, usikubali kuondoka na panadol tu. Mweleze mtaalamu homa ilianza lini, inapanda saa ngapi, anakula vipi, anakojoa vipi, viungo vinamuuma au la. Na usimpe dawa iliyobaki ya kaka yake. Maombi yaendelee nyumbani na kanisani, mimi pia namuombea. Lakini Paulo aliyewaombea wengi wakapona ndiye huyo huyo aliyemwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia atafute deni gani la kiroho limemletea tumbo.

Sasa neno la yule mzee. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali linalofanana sana na lako: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Na karne nyingi kabla ya hapo, Ezekieli sura ya 18 ilikwisha kuwakatalia watu wa Yuda ile mithali yao ya baba kula zabibu kali na meno ya watoto kutiwa ganzi. Mungu hamtumii mtoto wako mdogo kama mkusanya madeni anavyochukua redio ya mtu hadi alipwe. Nalisema hili kwa uzito wote nilionao, kwa sababu najua linavyouma mama akilala karibu na mtoto mwenye homa huku akihesabu shilingi milioni moja, laki sita na hamsini zilizobaki.

Sidhani mzee huyo ana nia mbaya. Pengine alikuwa na Mhubiri 5 kichwani, pale panaposema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, kisha panauliza kwa nini Mungu akasirike kwa maneno yako na kuiharibu kazi ya mikono yako. Andiko hilo lipo, na silifichi. Ila tuangalie Mhubiri anamsema nani. Anamsema mtu anayesimama mbele ya "malaika" na kuikana nadhiri yake, akidai ilimponyoka tu. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa malaika ni mjumbe, na wafasiri wengi wanaelewa kwamba huyu ni kuhani, au mtumishi wake aliyekuja kuuliza habari za nadhiri. Anayekemewa ni mwenye mdomo mwepesi, anayeahidi mbele za watu ili aonekane, kisha akifuatwa anageuza maneno. Wewe ndiwe unayeuliza. Umelipa laki tatu na nusu katika miaka ambayo mtaji wako ulikuwa unayeyuka. Mhubiri hakuwa anakutazama wewe alipoandika.

Hata hivyo sitakuambia kwamba nadhiri yako ilikuwa upepo, kwamba Mungu anaelewa, achana nayo. Wako wachungaji watakaokuambia hivyo kwa huruma, na ndani ya wiki mbili utakuwa huna raha tena, kwa sababu dhamiri yako inajua ulisema nini na ulikuwa umepiga magoti wapi. Neno nadhiri limetufikia kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa karibu wa neno la Kiebrania lililo katika Agano la Kale, neder. Watu wa Ujiji, Wakristo na Waislamu, hawahitaji kufundishwa uzito wake. Torati inasema ukiiweka usikawie kuiondoa (Kumbukumbu la Torati 23:21), ingawa mstari unaofuata unatoa nafasi ambayo wahubiri wetu wa harambee huipita haraka: "Bali ukijizuia usiweke nadhiri, haitakuwa dhambi kwako." Mungu hakuhitaji uahidi. Lakini umeahidi. Na Zaburi ya 15, ikieleza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja mtu huyu: "Ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake."

Kwa hiyo nadhiri ipo. Swali ni kwamba ni kitu gani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo mzigo wako ulipo. Katika barua yako umeandika sentensi moja fupi kisha ukaendelea na mambo mengine: mwenzako wa chanja ya jirani, mumewe hakurudi hadi leo. Mama, yeye pia alikuwa ufukweni usiku ule. Yeye pia alikuwa na tochi. Unadhani hakuomba? Unadhani hakuahidi chochote? Sasa fikiri: kama zile milioni mbili zako ndizo zilizomrudisha mume wako, basi mume wake alizama kwa sababu mkewe alitaja kiasi kidogo. Ukishaisema hivyo kwa sauti, moyo wako wenyewe unakataa. Mungu aliye Baba wa Bwana wetu Yesu hakufanya mnada wa wavuvi usiku ule wa Oktoba. Kwa nini mmoja alirudi na mwingine hakurudi, mimi sijui, na nimezika watu wengi nikiwa na swali hilo hilo. Lakini bei siyo jibu.

Zaburi ya 50 inaliweka hili vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mungu anasema humo: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia, maana ulimwengu ni wangu." Halafu papo hapo, bila kugeuza mada: "Mtolee Mungu dhabihu za kushukuru, mtimizie Aliye juu nadhiri zako." Anayesema hana njaa ndiye anayesema timiza nadhiri. Maana yake nadhiri haimlishi, wala haimlipi kwa kazi aliyofanya. Ni shukrani iliyotamkwa mapema. Angalia mabaharia waliomtupa Yona: waliweka nadhiri zao baada ya bahari kutulia (Yona 1:16). Hawakuwa na cha kununua tena, dhoruba ilikwisha.

Ukilishika hili, hata namna ya kulipa inabadilika. Bei isipotimia, mali haitoki dukani. Shukrani ya mtu maskini ni shukrani kamili.

Sasa twende kwenye sura ambayo ningependa kila mwenye nadhiri aisome, nayo haihubiriwi sana: Mambo ya Walawi 27, sura ya mwisho ya kitabu. Zamani zile mtu akiwa katika shida aliweza kumwekea Bwana nadhiri ya nafsi ya mtu, yake mwenyewe au ya mtoto wake, kisha akalipa fedha kwa hesabu iliyopangwa. Mwanamume wa miaka 20 hadi 60, shekeli 50 za fedha. Mwanamke, 30. Mtoto wa kiume wa mwezi mmoja hadi miaka mitano, shekeli 5, wa kike 3. Wazee wa miaka 60 na kuendelea, 15 kwa mwanamume na 10 kwa mwanamke. Shekeli 50 ni zaidi ya nusu kilo ya madini ya fedha. Ili uone ukubwa wake, Daudi alinunua kiwanja cha kupuria cha Arauna pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 (2 Samweli 24:24). Mkulima wa kawaida akiwa kwenye hofu angeweza kutamka nadhiri ya shekeli 50 kabla hajafikiri, kama wewe ulivyotamka milioni mbili mchangani.

Kisha unakuja mstari wa 8. Kama huyo aliyeweka nadhiri ni maskini kuliko hesabu hiyo, atasimamishwa mbele ya kuhani, na kuhani atamtia kima kulingana na uwezo wake. Soma tena polepole. Sheria ile ile iliyopanga viwango, pale pale Sinai, ilijua kwamba watu wataahidi wakiwa na hofu na kipato kitakuja kuwakatalia. Haikusema akope. Haikusema amwuze mtoto. Wala haikusema nadhiri imekufa. Ilisema aende asimame, atazamwe alivyo, apewe kiasi anachokiweza, na akilipa hicho amelipa.

Mtu makini ataniambia: Mchungaji, mstari huo unahusu nadhiri ya nafsi, mama huyu aliahidi fedha za mabati. Ni kweli, na kwa mnyama au nyumba sura hiyo hiyo ina taratibu nyingine, hadi kuongeza sehemu ya tano mtu akitaka kuikomboa. Lakini mstari wa 8 haukusimama peke yake. Sadaka ya dhambi katika sura ya 5 ya kitabu hicho ni kondoo au mbuzi. Asiyeweza ataleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hao ataleta unga. Mama aliyejifungua alileta mwana-kondoo, asiyeweza akaleta ndege wawili (Walawi 12:8), na tunajua familia moja iliyotumia nafasi hiyo: Yusufu na Mariamu, walipompeleka mtoto Yesu Yerusalemu (Luka 2:24). Bwana wetu mwenyewe aliingizwa hekaluni kwa sadaka ya wasio na uwezo. Huo ndio mwendo wa Torati nzima, na sioni haya kuutumia kwako.

Naomba nikueleze kwa nini nalishikilia hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja wa wakulima wa tumbaku huku Tabora. Tulikuwa tunajenga, na nilikuwa na daftari la nadhiri na ahadi. Jumapili moja nilisoma majina ya waliokuwa hawajamaliza, kutoka madhabahuni, nikiwa na Mhubiri 5 mkononi. Jumatano iliyofuata mzee mmoja akaja ofisini. Alikuwa amezifunga noti kwenye kitambaa cha kanga, zina harufu ya tumbaku, akazihesabu juu ya meza mara mbili kwa sababu vidole vyake vilikuwa vigumu. Zilitimia. Nikamwandikia risiti, nikamwombea baraka, nikafurahi. Haikupita mwezi nikawa natoka kijiji cha pili, nikamkuta njiani na mkewe wanatembea kwenda kliniki, mama anapumzika kila baada ya miti michache. Nikauliza baiskeli iko wapi. Mzee akatazama chini. Mama ndiye aliyejibu, bila hasira yoyote: "Si tulikuletea, Baba Mchungaji." Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa inachota maji yao na kumbeba mgonjwa wake. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia kutafuta ni wapi nimemkosea Mungu, na ndipo nilipouona mstari wa 8 wa Walawi 27 kama vile sikuwahi kuusoma. Kazi ya kuhani pale ilikuwa kutazama uwezo wa mtu. Mimi nilisoma majina tu, sikumtazama mtu hata mmoja.

Kwa hiyo kuhusu mkopo wa VICOBA, jibu langu ni hapana, usikope.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi vikundi hivi vinavyokwenda. Unakopa kwa hisa zako na kwa dhamana ya wenzako, unarudisha na riba, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana. Mkopo wa kununulia dagaa unajirudisha wenyewe siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi dagaa wanapovuliwa kwa taa, zikiwa nzuri. Mkopo wa mabati haurudi. Siku ukishindwa rejesho, wanaokulipia ni akina mama wenzako wa mwaloni, ambao hawakuweka nadhiri yoyote. Utakuwa umemtolea Mungu fedha za watu wengine. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za changizo kubwa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, na angekuwa na sababu ya kuwasukuma, lakini akaandika: "Maana, kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Mkopo ndiyo tafsiri kamili ya "asivyo navyo".

Na mtaji wako usiuguse. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kutwaa rehani jiwe la kusagia la mtu, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa ni kuyatwaa maisha yake. Chanja zako, turubai la kufunikia dagaa mvua ikinyesha, na zile fedha za kununulia ndoo alfajiri mitumbwi inapoingia, hayo ndiyo mawe yako ya kusagia. Kama sheria ilimkataza mdai kuyashika, mwenye nadhiri asiyapeleke mwenyewe.

Vivyo hivyo mahitaji ya shule. Wapo watakaosema mtoto asubiri, Mungu kwanza. Yesu alikutana na hoja hiyo. Kulikuwa na watu waliotamka "Korbani" juu ya mali yao, yaani imewekwa wakfu, na kwa neno hilo wakaacha kuwasaidia baba na mama zao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao (Marko 7:11-13). Hakuona utakatifu wowote katika sadaka iliyopita juu ya mgongo wa mtu wa nyumbani. Godoro, sare na nauli ya mwanao kwenda bweni ni wajibu uliokuwako kabla ya nadhiri. Yeftha naye alitimiza nadhiri yake kwa gharama ya binti yake (Waamuzi 11), na hakuna mahali katika kitabu kile anapopongezwa kwa hilo.

Sasa baba watoto. Hapa nakwenda kwa uangalifu kwa sababu nasikia upande mmoja tu.

Ipo sura inayohusu jambo hili, Hesabu 30. Katika Israeli, mke akiweka nadhiri na mumewe akasikia, mume angeweza kuitangua siku ile ile aliyosikia. Lakini akinyamaza siku kwa siku, kwa kunyamaza kwake ameithibitisha. Na akija kuitangua baadaye, yeye ndiye atakayeuchukua uovu wa mkewe (mstari wa 15). Nadhiri ya mjane na ya aliyeachwa ilisimama yenyewe. Hii ilikuwa sheria ya nyumba za wakati ule, na sipendi kuona mwanamume wa leo akiifanya fimbo ya kufutia kila jambo la mkewe. Lakini angalia inavyomgeukia huyu wako: ulimweleza asubuhi ile ile, nguo zake bado zina maji, akanyamaza. Kwa hesabu ya Musa, ukimya wake ulikuwa ndiyo.

Usimpelekee mstari huu kama hati ya mahakama, tafadhali. Naamini mtu aliyekesha kwenye mtumbwi ule anabeba kitu ambacho hajakisema. Ananyamaza juu ya nadhiri kwa sababu ananyamaza juu ya usiku wote, na juu ya rafiki zake wa mtumbwi wa pili. Anaposema "sikumtuma mtu kuahidi", huenda anasema pia kwamba hataki maisha yake yawe deni ambalo mke wake analilipa kwa jasho lake. Mwulize usiku ule ulikuwaje. Msiongee habari za fedha siku hiyo. Zikija siku za mbalamwezi, yuko nyumbani, watoto wamelala, mwombe akuhadithie. Fedha mtazijadili baadaye, na mtazijadili pamoja, kwa sababu kosa lako moja katika jambo hili, kama nikiruhusiwa kulitaja, ni kwamba ulitoa neno juu ya mali ya nyumba nzima ukiwa peke yako. Nani angekulaumu usiku kama ule? Mimi sikulaumu. Ila malipo yasiendelee kuwa ya mmoja.

Kisha nendeni wawili kwa mchungaji wenu. Ofisini au nyumbani kwake, siku ya kazi, sio baada ya ibada watu wakiwa wamezunguka. Mwambie: Mchungaji, niliahidi milioni mbili, nimelipa laki tatu na nusu, hali yetu ni hii. Mweleze ukweli wa kipato: siku za giza mnapata nini, mbalamwezi mnabaki na nini, na kwamba kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 serikali ilipolifunga ziwa samaki wazaliane mlikula mtaji. Mwombe akutie kima kama Walawi 27 inavyosema. Huenda akasema ulichotoa kinatosha, tushukuru, imekwisha. Huenda mkakubaliana elfu kumi kila mwezi wa uvuvi mzuri hadi kiasi fulani. Akipendekeza kiasi fulani kibaki, lipeni mkiwa na amani, wala msiongeze kwa hofu. Na mwombe yeye, kwa upole, azungumze na yule mzee wa kanisa. Neno lililosemwa mbele za watu juu ya mtoto wako lisahihishwe mbele ya watu hao hao.

Mchungaji akikataa, akisema ni milioni mbili au laana? Basi nenda kwa msimamizi wake, na uende na Biblia yako. Hatawajibika kwa Mungu kwa mabati yaliyokosekana. Atawajibika kwa kondoo.

Wasomaji wangu Wakatoliki, ambao Kigoma ni wengi, huniuliza kama kwao ni vingine. Nadhiri ya binafsi kwao ina utaratibu uliowekwa vizuri katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Paroko ana mamlaka ya kumwondolea muumini wake nadhiri ya namna hiyo kwa sababu ya haki, bila kuvunja haki za watu wengine (kanuni 1196). Mwenye nadhiri anaweza mwenyewe kuibadili iwe tendo jema lililo sawa au bora zaidi. Kuipunguza ndiko kunakohitaji mwenye mamlaka. Nadhiri iliyotolewa kwa hofu kubwa iliyotiwa na mtu kwa dhuluma ni batili tangu mwanzo. Hofu ya dhoruba haimo humo, kwa kuwa dhoruba haidhulumu, ila mtu anayemtisha mama kwa ugonjwa wa mtoto wake ili aahidi, huyo anaijua nafsi yake. Mimi ni Mmoravian na sina mamlaka kwa waumini wao, lakini nafurahi kwamba makanisa yetu yanakutana mlangoni pa Walawi 27.

Na wewe mama, siku mkishakubaliana na mchungaji, fungueni Zaburi ya 107 nyumbani, kuanzia mstari wa 23: "Washukao baharini katika merikebu, wafanyao kazi yao katika maji mengi." Msomeeni watoto wote. Mwache baba yao asome mwenyewe ule wa 30: "Ndipo walipofurahi kwa kuwa yametulia, naye akawaleta mpaka bandari waliyoitamani." Mkiendelea hadi wa 32 mtaona kinachotakiwa kwa watu waliorudishwa salama, nacho ni kumshukuru Bwana na kumwadhimisha katika kusanyiko la watu. Je, mmewahi kusimama kanisani, wewe na mumeo, mkashukuru kwa usiku ule? Barua yako ina malipo, ina deni, ina hofu, shukrani sikuiona. Anzeni na hiyo. Haina gharama.

Kabla ya hapo, lakini, nenda chanja ya jirani. Mwambie mwenzako kwamba Jumapili mtashukuru, asije akalisikia kanisani ghafla na kilio chake kikafunguka mbele za watu. Umsaidie kugeuza dagaa zake jua likiwa bado linawaka, ukae naye, na kama atataka kusema jina la mumewe, msikilize hadi amalize.